Farasi Aliyesimama Kila Mlango

Siku hizi ukishuka Voi huoni farasi hata wa kuchorwa ukutani. Lakini mwaka wa hamsini na saba, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, walisimama wawili mbele ya hoteli yangu, na mji ukaacha kazi. Karani wa stesheni alitoka na kalamu bado iko sikioni. Fundi wa cherehani alikuja na futi shingoni, suruali ya mtu mkononi, na mwenye suruali akimfuata nyuma amejifunga shuka. Mimi mwenyewe niliacha mandazi kwenye mafuta yakaungua, na hakuna mteja aliyelalamika kwa sababu ndani hakukuwa na mteja hata mmoja.

Nasema hoteli. Vilikuwa vyumba viwili vya mabati kati ya stesheni na soko, mabenchi sita, birika moja kubwa, na nyuma ya pazia chumba chetu cha kulala. Mtu aliyeshuka treni ya Mombasa akingoja ya Taveta alikunywa chai kwangu, na akinywa chai anaongea, na akiongea mimi nasikia. Nilijua nani amechumbiwa Mghange kabla mama wa msichana hajaambiwa. Nilijua karani yupi ana mke Maungu na mwingine Makindu. Mume wangu Donald, fundi wa reli, alikuwa akirudi jioni anatazama viatu vilivyojaa mlangoni, anasema, "Gertrude, humu ndani mna watu kuliko behewa la daraja la tatu." Nami namwambia, behewa la daraja la tatu halina chai ya tangawizi. Ah, siku zile! Nyumba ikijaa hata ukuta wa bati ulikuwa na joto la watu.

Hao farasi hawakuja kutembea. Walikuja kuchaguliwa, na mmoja wa wachaguaji nilikuwa mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Kanisa letu lilikuwa limempeleka mkunga Kasigau, Nesi Elsie, mwanamke mnene wa Mghange mwenye sauti nyembamba na mikono kama ya mpasua kuni. Kasigau ni mlima uliosimama peke yake nyikani, na vijiji viko chini yake pande zote. Wakati huo barabara ya huko ilikuwa jina tu. Elsie alikaa Rukanga. Akiitwa Bungule, anatembea. Akiitwa Jora, anatembea. Na njiani kuna ndovu waliotoka kula mahindi ya watu, hawana haraka ya kumpisha mtu. Miaka mitatu ya kutembea hivyo ikamharibu goti la kushoto. Mwaka huo akawaambia wazee wa kanisa waziwazi: mvua za vuli zikinikuta bado natembea, narudi kwetu milimani, mnitafutie kazi ya kukaa.

Sisi chama cha akina mama wa Voi tukasema haondoki. Mwaka mzima tuliuza mandazi, tukauza mayai, tukauza vikapu, tukaimba kwenye harusi za watu tusiowajua. Halafu bwana mmoja mwenye shamba la mkonge nje ya mji akawa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya, anauza wanyama wake. Farasi walikuwa wamebaki wawili, bei yao moja, na pesa zetu zilitosha mmoja. Chama kikachagua watu watatu wa kuamua. Mama Tryphena, mwenyekiti, mke wa mzee wa kanisa. Nzembi, Mkamba mwenye kibanda cha vikapu na kunde sokoni. Na mimi, nadhani kwa sababu waliogopa maneno nitakayosema wasiponichagua.

Sasa nikwambie jambo ambalo wenzangu hao wawili hawakulijua.

Mdogo wangu Wakio ameolewa Bungule, huko huko Kasigau. Miaka miwili kabla ya hapo alishikwa na uchungu usiku, mumewe Crispus akakimbia Rukanga kumwita Elsie, na Elsie akafika jua limeshapanda. Mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Wakio mwenyewe tulimpata kwa rehema za Mungu. Hayo hata wenzangu waliyajua. Tangu hapo, kila nilipomwona Elsie nilimkaribisha chai kama mtu mwingine yeyote, lakini moyoni nasema: wewe ulichelewa.

Basi mwezi wa saba mwaka huo Crispus akaja Voi kununua chumvi na mafuta ya taa. Akanywa chai. Akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za ndovu, akauliza bei ya vitu ambavyo hakuwa na haja navyo. Mwisho akasema, "Shemeji, Wakio anaomba ule udongo wa kutafuna, unaouzwa hapo sokoni."

Mwanamke haagizi udongo kutoka Bungule mpaka Voi ili apake ukuta.

"Amesema usimwambie mtu," Crispus akaongeza, anatazama viatu vyake. "Hata mmoja. Amesema nikuapishe."

Nikaapa. Kwetu siku zile mimba haikutajwa. Ilionekana, ndiyo, lakini haikutajwa, na mkunga aliitwa uchungu ukishaanza, si siku moja kabla. Kumwita mapema ilikuwa kama kupiga mbiu, na si kila anayesikia mbiu anakutakia mema. Wakio alikuwa amekwisha kuzika mmoja, kwa hiyo aliogopa mara mbili. Nami nikaibeba habari hiyo wiki tano, mimi Gertrude, bila kumwambia hata Donald. Nilikonda. Watu wakaniuliza kama nina malaria.

Kwa hiyo siku ya farasi nilijua ninachotaka. Nilitaka mwenye mbio.

Aliyewaleta ni Zephaniah, saisi wa shamba lile, mmoja kwa kila mkono. Alikuwa amewalisha na kuwasugua miaka tisa, na siku hiyo alivaa koti na tai kama baba anayeoza mabinti wawili kwa mpigo.

"Huyu anaitwa Meja," akasema.

Hata bila kuambiwa ungejua. Mrefu, mwekundu, anang'aa kama amepakwa mafuta ya nazi, shingo imeinuka, mguu mmoja mweupe mpaka gotini. Alikuwa ameshindana mbio Nairobi mara mbili, na alisimama kama anayekumbuka.

"Na huyu ni Maziwa."

Watu wakacheka kabla hajamaliza. Maziwa alikuwa jike fupi la rangi ya majivu, madoadoa huku na huku, tumbo limeshuka, na sikio moja halina ncha.

"Sikio limekwenda wapi?" Nzembi akauliza.

"Fisi."

"Na fisi?"

"Fisi alipigwa teke. Hakurudi tena." Zephaniah akampapasa shingoni. "Huyu ndiye aliyekuwa akibeba madebe ya maziwa kila asubuhi, kuyapeleka nyumba za makarani na manyapara wa shamba. Wote wawili, akina mama, waliugua homa ya farasi mwaka wa hamsini na mbili wakapona. Huku kwetu farasi ambaye hajaugua msimnunue, mtamzika."

Sasa, kati yetu hakuna aliyewahi kununua farasi. Tulichojua ni ng'ombe. Mama Tryphena akavua miwani, akamshika Maziwa nyonga, akamvuta ngozi ya shingo, kisha akainama kabisa na gauni lake la Jumapili kutazama chini ya tumbo.

"Kiwele hakuna," akasema, amesikitika.

"Mama, farasi hatukamui," Zephaniah akasema.

"Na mmemwita Maziwa?"

Karani wa stesheni alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Nzembi naye akaenda kwa Meja kumfungua mdomo ahesabu meno, kama alivyofundishwa na marehemu mumewe kuchagua mafahali. Meja akamvua kitambaa cha kichwa kwa meno hayo hayo, akasimama nacho.

"Huyu mwizi!" Nzembi akapiga kelele. "Mrefu hivi na bado mwizi! Mimi simtaki. Na huko Kasigau mwezi wa tisa atakula nini, mawe? Chukueni huyo mfupi, ana tumbo lililozoea shida."

"Nzembi, fikiria mbali," Mama Tryphena akasema. "Nesi wetu akiingia Rukanga juu ya Meja, hata watu wa makanisa mengine watasimama kando ya njia. Akiingia juu ya yule, watauliza kama Voi tumekosa pesa tukanunua punda."

"Goti la Nesi halitaki makanisa mengine. Linataka kupumzika."

Elsie mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi langu la nje, mguu ameunyoosha, kikombe cha tatu. Hakuna aliyemwuliza. Mpaka mwenye suruali, yule wa shuka, aliposema, "Si apande yeye? Kwani nani atakayempanda, nyinyi?"

Tukakubaliana: kila farasi ampeleke Elsie kutoka hotelini kwangu mpaka sokoni na kurudi.

Kumpanda Meja tulitoa benchi, juu ya benchi tukaweka kreti ya soda, na wachukuzi wawili wa stesheni wakamsukuma kutoka nyuma wakiomba radhi. Alipokaa juu, nyumba zote zikaonekana fupi. Zephaniah akamwambia shika hatamu, usimpige, mguse tu kwa kisigino. Akamgusa. Tuliona vumbi, na ndani ya vumbi tukaona mgongo wa Elsie unakwenda. Watu walimsalimia, salamu zikabaki njiani. Kabla Mama Tryphena hajamaliza kusema "Bwana asifiwe" walikuwa wamesharudi, Elsie amefumba macho, sauti yake nyembamba inasema, "Nishusheni. Nishusheni. Jamani nishusheni." Ilitaka wanaume watatu.

Lakini mimi moyo wangu ulikuwa umeruka. Niliona njia ya Rukanga kwenda Bungule, nikamwona huyo mnyama mwekundu juu yake. Angefika kabla uchungu wa pili haujashika.

Ikawa zamu ya Maziwa. Elsie aliweka mguu mzuri kwenye kikuku cha tandiko, akajivuta, akakaa. Peke yake. Watu wakapiga makofi. Maziwa akatembea hatua tano, akafika mlangoni kwangu, akasimama. Akaingiza kichwa ndani ya hoteli, akatulia.

"Twende, mama," Elsie akamwambia.

Wapi!

Zephaniah akakohoa. "Nilitaka kuwaambia. Ana tabia moja. Miaka tisa amesimama kila mlango kutoa maziwa. Kwa hiyo kila mlango anasimama. Mwenye nyumba akitoka akasema neno, anakwenda. Asipotoka, anangoja."

"Ukimchapa?" Mama Tryphena akauliza.

"Ukimchapa anangoja akiwa amekasirika."

Nikaenda mbele ya uso wake, nikamwamkia kwa Kidawida kama mgeni yeyote, "Kwawuka." Maziwa akapumua, akageuka, akaenda. Mlango wa pili, duka la vitambaa. Akasimama. Mzee Mhindi aliyekuwa hatoki nje mpaka jua lizame akatoka, akasema neno, farasi akaenda. Kinyozi. Mwuza mkaa. Nyumba za reli, mlango kwa mlango. Mji wote ulikuwa nyuma yetu kama harusi. Hapo Voi ilikuwa ndogo hivi kwamba ungeweza kuisalimia yote asubuhi moja, na asubuhi ile tuliisalimia. Watu ambao hawakusemeshana tangu Krismasi walitoka milango miwili inayokabiliana, wakacheka pamoja.

Tukafika kwa fundi wa cherehani. Fundi mwenyewe tulikuwa naye njiani, akampigia farasi kelele, "Nimekusalimia, nenda!" Lakini Maziwa alikuwa na sheria zake: anayejibu mlango ni yule anayetoka ndani. Akangoja. Mwishowe akatoka Katuku, mke wa fundi, ambaye sokoni hakuwa ameonekana karibu mwezi. Alijifunika kanga mbili. Akashika mwimo wa mlango, akasema, "Hamjambo nyote," akacheka kidogo.

Elsie alimtazama kutoka juu. Akateremka.

"Mwanangu, nipe maji ya kunywa," akasema, akaingia naye ndani.

Alikaa kitambo. Alipotoka hakutuambia kitu, alipanda farasi wake. Lakini nilikuwa karibu, na masikio yangu unayajua. Alimwinamia fundi, akamwambia polepole, "Jumatatu mpeleke hospitali. Usingoje wiki. Miguu yake imejaa maji."

Fundi akakauka. Nami nikakauka zaidi, maana nyumba hiyo iko milango minne kutoka kwangu na sikuwa nimejua lolote!

Tuliporudi hotelini jua lilikuwa utosini.

"Mmeona?" Mama Tryphena akasema. "Asubuhi nzima kwenda sokoni! Mtu akishikwa Bungule, huyu bado yuko Rukanga anasalimia. Mimi ni Meja."

"Mimi ni huyu wa salamu," Nzembi akasema. "Haraka akitaka, ashuke amvute."

"Kwa goti lile?"

Wakageuka wote kunitazama, na nyuma yao mji wote. Mmoja kwa mmoja, na wa tatu mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme Meja. Nikasema, "Ngojeni kwanza nitoe mandazi."

Mandazi yalikuwa makaa. Niliyaopoa moja moja, nikichelewa makusudi, na Elsie akaingia jikoni akichechemea, akakaa juu ya gunia la unga.

"Wewe unamtaka mrefu," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya Wakio. Usiku ule."

Nikaweka mwiko chini. Miaka miwili nilikuwa nimelimeza neno hilo, na sasa likatoka lenyewe. "Ulichelewa, Nesi."

"Nilichelewa," akasema. "Lakini si usiku ule. Nilichelewa siku kumi na moja kabla."

Sikumwelewa. Akajisugua goti, akaendelea bila kunitazama.

"Siku hiyo nilipita Bungule nikitoka kwa mgonjwa. Jua linazama, goti linauma, watu wananiambia ndovu wako njiani. Nikaona kanga ya Wakio nyuma ya nyumba. Ameketi amenipa mgongo, kama wanavyonifanyia wote. Nikajiambia, nikisimama hapa nitalala porini. Nikapita. Mtoto alikuwa amelala kingamakingama, Gertrude. Siku ile ningemgeuza kwa mikono hii. Usiku mliponiita, hata ningekuja kwa treni, nisingekuta la kufanya."

"Na siku nyingine? Mbona hukuingia siku nyingine?"

"Niingie kwa nani? Mkunga akipiga hodi mchana, mwenye nyumba anajificha, na majirani wanaanza kuhesabu miezi. Nyinyi wenyewe mnajua. Lakini umeona leo? Mimi sikupiga hodi kwa Katuku. Ni mnyama tu mwenye kichwa kigumu. Mtu anatoka acheke, anipe maji. Nami nina macho."

Nje walikuwa wanapiga kelele, wanataka jibu. Elsie akasimama, akajipangusa unga.

"Wakio hajambo?" akaniuliza.

Hapo ulimi wangu uliwaka moto. Mimi ninayejua habari za watu mpaka Makindu, nilikuwa na habari moja tu duniani yenye maana, na huyu hapa mtu wa kuambiwa, na nimeapa. Nikifungua mdomo, na kitu kikampata mtoto, Wakio atasema ni mdomo wangu. Nisipofungua, nani atamwona?

"Hajambo," nikasema. "Mzima."

Nikatoka nje nikasema, "Tunamchukua Maziwa."

Kwa sababu mimi nimeapa, lakini farasi hajaapa.

"Gertrude!" Mama Tryphena akasema. "Wewe ambaye mdogo wako..." Akaacha hapo. Akafunga mkoba wake, na kwa wiki tatu hakunywa chai kwangu. Meja alinunuliwa na mtu wa Taveta. Aliondoka kwa treni, kichwa nje ya behewa kama afisa anayehamishwa, na nilipomwona anapita nilikaa chini. Kila nilipokanda unga nilikuwa nauliza: je, uchungu ukimshika Wakio ghafla, na Elsie yuko nyumba ya kwanza ya Rukanga anangoja mlango ufunguliwe? Nimemuua mtoto wa pili kwa mdomo wangu uliofungwa?

Na sitaki nikudanganye kwamba farasi yule alikuwa malaika. Mwaka uliofuata mama mmoja wa Makwasinyi, huko huko Kasigau, hakuwahiwa. Mumewe alisimama kanisani akasema mbele ya watu, laiti wangenunua yule mrefu.

Lakini mwezi wa tisa huo habari zilizokuja na lori kutoka Kasigau zilikuwa za kicheko. Maziwa alipoingia Rukanga alisimama kila nyumba mpaka jua likazama. Wiki ya pili akina mama walikuwa wanazijua kwato zake, wanaweka chai motoni wakizisikia. Wiki ya nne kuna nyumba mbili zilizogombana, moja ikidai imerukwa. Dereva alinisimulia yote hayo akila mandazi bure, na mimi namtazama usoni, nangoja jina moja ambalo halitaji.

Mwisho wa mwezi wa kumi Crispus akaingia hotelini. Akakaa. Hakuagiza chai.

"Shemeji, huyo farasi wenu."

"Amefanya nini?"

"Alikuja kwetu. Akasimama. Wakio akaenda nyuma ya nyumba, mimi nikajifanya sipo. Akangoja. Tukanyamaza, akangoja. Halafu tukasikia, kwaru, kwaru. Anakula paa."

"Anakula paa!"

"Nyasi mpya nimezipanga juzi! Wakio kuona hivyo akatoka na ufagio, amfukuze. Anatokea, uso kwa uso na Nesi. Nesi anasema, 'Nipe maji, mwanangu.'" Crispus akafuta uso. "Mtoto amelala vibaya, shemeji. Kama yule wa kwanza. Nesi akamgeuza. Baada ya wiki moja farasi akaja tena, mtoto amerudi vile vile. Akamgeuza tena. Sasa anasema mvua zisimkute huko, awe karibu na yeye na karibu na barabara ya hospitali."

"Sasa Wakio yuko wapi?"

"Kwenye lori, hapo nje. Anaogopa kushuka, anasema utamgombeza kwa kuwa watu watamwona."

Sikumgombeza. Nilimshusha mwenyewe, mchana kweupe, tumbo mbele, mbele ya stesheni nzima, na Elsie akishuka upande wa pili na begi lake. Maziwa walimwacha Rukanga kwa mzee wa kanisa. Siku tatu baadaye mvua ikaanguka, na njia ya Kasigau ikawa mto.

Wiki mbili Wakio alilala nyuma ya pazia langu. Kila asubuhi Elsie alimpapasa, akamfunga tumbo kwa kanga, akasema, "Yuko pale pale nilipomweka." Donald alihamia kwa rafiki yake wa reli. Halafu asubuhi moja mvua ilikuwa imekula tuta la reli, treni ya Taveta imezuiwa, abiria wote wamejazana kwangu na vikapu vyao na kuku wao. Watu mpaka madirishani. Na ndipo Wakio akaniita, sauti ndogo, "Dada."

Nikawaambia abiria nyamazeni. Hawakuuliza kwa nini. Mama Tryphena alikuja kwa mvua na sufuria yake ya uji, bila kuitwa, akakaa mlangoni. Nzembi akaja. Nilikuwa sijawahi kuisikia hoteli yangu ikiwa kimya na watu wamejaa, na kwa kweli sikuipenda. Nilimshika Wakio mabega, Elsie akiwa mbele yake amepiga goti lile lile baya kwenye sakafu, akisema naye kwa sauti yake nyembamba kama anayembembeleza aonje chakula. Ilikuwa saa nne na nusu mtoto alipolia. Msichana. Kichwa kimetangulia, kama kila mtoto.

Tulipokwisha kumfuta na kumfunga, Wakio akalala macho wazi, anamtazama tu. Nami nikakaa sakafuni kando ya Elsie.

"Nesi, nina dhambi," nikamnong'oneza. "Siku ile jikoni. Nilikuwa najua."

"Nilijua unajua," akasema, ananawa mikono.

"Ulijuaje? Sikusema kitu!"

"Ndiyo. Nilikuuliza habari za mdogo wako, ukanijibu maneno mawili. Gertrude wewe! Mtu akikuuliza habari za paka wa jirani unamweka mpaka treni inamwacha." Akacheka mpaka begi likaanguka. "Lakini kujua si kufunguliwa mlango. Hilo sikuliweza mimi."

Wakio akageuza kichwa juu ya mto. "Hamwezi kunyamaza hata leo?" akasema. Kisha akaangalia pazia, akasikiliza kimya cha upande wa pili, miguu ya watu inayosogea, kuku mmoja. Akamvuta mtoto karibu.

"Haya, dada," akasema. "Waambie."

Nikainuka. Nikajifunga kanga vizuri, nikashika pazia, nikalifungua lote.